Nilirisiti PCB (fizikia, kemia na bailojia) huku nauza duka

Matokeo ya kidato cha sita yametoka juzi, dogo mmoja akanitumia meseji saa sita usiku: "bro nimekula S ya fizikia, nirisiti au niende tu diploma?" Nikaiangalia ile meseji muda mrefu, maana fizikia hiyo hiyo ndo ilinimaliza mimi mpaka nikarisiti, yaani nikarudia mtihani.

Mara ya kwanza nilitoka na D ya bailojia, E ya kemia na S ya fizikia. Piga hesabu: D pointi 2, E pointi 1, jumla 3, S ndo hivyo tena sio ufaulu wa maana, wakati TCU, wale wanaosimamia vyuo vikuu, wanataka angalau masomo mawili yafike pointi 4 ndo ufikirie digrii. Pointi moja tu jamani! Wiki mbili baadaye tuko kwenye shughuli ya familia hapo Morogoro, baba mdogo kashika maiki anasema kwenye ukoo kila mtu na fungu lake, wengine wamepewa kichwa wengine mikono, afu ananiangalia. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Nikaenda kukaa kwenye duka la mama mdogo, nikajisajili NECTA, baraza la mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, masomo yote matatu. Sasa dogo hapa ndo usikilize. Shuleni nilikuwa nashinda siku nzima kwenye bailojia kwa sababu naipenda, fizikia naisoma kwa macho, pasti pepa huku majibu huku, napitia swali naitikia "aah kumbe". Kuitikia sio kujua! Dukani nikaanza kufunika majibu, saa kumi alfajiri natega simu masaa matatu napiga pepa nzima kwa kalamu. Ya kwanza nilivyojisahihisha nilipata 22. Kumbe hakuna mchawi wala nini, topiki nzima ya umeme nilikuwa sijui kitu.

Na praktiko usiidharau, mtaani huna maabara. Mimi nilimwomba mwalimu mmoja anifungulie Jumamosi, nikawa namwachia chochote.

Miezi iliyobaki ilikuwa sukari, vocha na pepa, hakuna cha kusimulia. Mei nikaingia chumbani na watoto wenye yunifomu, namba yao ya mtihani inaanza na S ya shule, yangu inaanza na P ya watu wa kujitegemea, kuna wawili walidhani mimi msimamizi. Matokeo: kemia C, bailojia C, fizikia D. Pointi 8!

Kwa hiyo nyie mnaorisiti huku mnashinda TikTok mkisubiri miujiza, mtarisiti mpaka mjukuu awakute. Funikeni majibu. Narudia, funikeni majibu.

Sasa hivi niko mwaka wa pili, digrii ya uuguzi. Baba mdogo presha ikimpanda ananipigia mimi kwanza. Napokea, ila huwa naiacha iite kidogo.