Usiiache simu ya mshauri ilie hadi ikatike

"Hujambo Shangazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nakuru, umri wangu miaka 38. Nilikaa siku 90 katika kituo cha kurekebisha tabia kwa sababu ya pombe, nikatoka mwezi uliopita. Mshauri wangu hunipigia simu kila Jumanne jioni. Ijumaa moja tulipolipwa niliandamana na wenzangu hadi baa, nikanywa bia mbili. Tangu hapo sipokei simu yake. Nitamwambia nini? Na hata nikipokea, dakika 20 za maongezi zitanizuiaje kunywa?"

Mwanangu, bia mbili hazijafuta siku 90. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile simu iliyolia ukaitazama tu. Aliyeteleza akasema, husaidika. Aliyeteleza akajificha hubaki na aibu yake peke yake, na aibu hutafuta cha kuituliza. Wewe unajua ilizoea kutulizwa na nini.

Kule kituoni hukuwa na mshahara wa Ijumaa mfukoni, wala wenzako wa karakana, wala njia ya kurudi nyumbani inayopita mbele ya baa. Ulijifunza kukaa bila pombe mahali pasipo na pombe. Sehemu ngumu ndiyo hii uliyo nayo sasa, na ndiyo maana mshauri hakukuaga langoni akakusahau.

Huko Marekani, James McKay wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika utaratibu wake, mtu hupigiwa kila wiki mwanzoni, kisha simu zinapunguzwa polepole kwa mwaka na zaidi. Ni simu fupi, lakini zina kazi: Je, umekunywa? Hamu ilikushika lini? Siku zijazo kuna jambo gani la hatari, na likifika utafanyaje? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliopata simu za ushauri wa namna hiyo walikuwa na siku chache za kunywa kuliko waliopata matibabu ya kawaida pekee.

Hilo swali la siku zijazo ndilo lako hasa. Ijumaa yako haikuvamii ghafla. Inajulikana siku, saa, hata watu wake. Jumanne mnaweza kuipanga: mwajiri akutumie pesa kwa M-Pesa badala ya kukupa taslimu, utoke karakana kabla wenzako hawajaanza kuitana, upite barabara nyingine, na pawe na mtu anayekungoja unakokwenda. Dakika 20 zinatosha kabisa kupanga jioni moja.

Tena usidhani simu ni ya kupokea tu. Mei 1935, Bill Wilson wa New York, aliyekuwa na miezi michache tu bila pombe, alikwama mjini Akron, Ohio, biashara imemwendea mrama. Akiwa katika ukumbi wa hoteli, baa ikimvuta, aliiendea simu akaanza kuwapigia makasisi, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Ndipo akaunganishwa na Daktari Bob Smith, na wawili hao wakaanzisha Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe. Alipiga kabla hajagusa glasi, mwanangu! Hamu ya pombe hupanda kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, na nusu hiyo hupita upesi ukiwa na mtu wa kuongea naye. Kama ni usiku na mshauri amelala, piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Hailipishwi na inapokewa saa 24.

Ila ukijikuta umekunywa siku kadhaa mfululizo na asubuhi mikono inatetemeka, nenda hospitali. Kuacha ghafla ukiwa katika hali hiyo kunaweza kuleta kifafa, na hapo simu haitoshi.

Sasa usingoje Jumanne. Toka nje, mbali na kelele za karakana na masikio ya watu, umpigie leo. Huna salio? Mtumie ujumbe akupigie. Mwambie hivi: "Nilikunywa bia mbili siku ya malipo, na nimekuwa nikikukwepa." Ameyasikia hayo kwa wengi, atajua pa kuanzia. Kabla hamjaagana, mpe nambari ya ndugu mmoja unayemwamini, na umruhusu ampigie siku ukikosa kupokea mara mbili mfululizo.