Sikuvunjika Mfupa, Lakini Niliumia: Nilivyodai Fidia ya Kiwewe Mombasa

Kila aliyekuja kunitazama siku ya ile ajali ya matatu alisema neno moja: shukuru Mungu, umepona. Nilishukuru, na hadi leo nashukuru. Lakini neno hilo nusura linipotezee haki yangu, kwa sababu liliniaminisha kwamba mtu aliyetoka ajalini bila hata jeraha la kushona hana cha kudai. Nilikaa miezi minne na imani hiyo, na ndiyo miezi iliyonigharimu zaidi.

Nilikuwa natoka Kisauni asubuhi kwenda kazini, Biashara Street, ninakouza leso. Pale Kongowea akapanda mama mmoja na kikapu cha ndimu, akaketi kando yangu upande wa dirisha. Makanga alipomrudishia chenji akaninyooshea kiganja. "Mwanangu, hebu nihesabie, macho yangu siku hizi hayanisaidii." Tulikuwa tunahesabu pamoja. Dereva alikuwa na simu sikioni tangu stejini; abiria wawili walishamkemea. Baada ya kuvuka daraja la Nyali akaingia nyuma ya lori lililosimama. Upande ulioingia ndani ni ule wa mama. Nilibanwa karibu naye kwa muda, sijui dakika ngapi, ndimu zikibiringika chini ya miguu yetu, hadi vijana walipong'oa kiti.

Hospitali waliniangalia, wakanipa dawa ya maumivu, wakaandika kwenye karatasi kwamba sina jeraha. Kumbukeni karatasi hiyo, nitairudia.

Wiki ya pili ndipo nilipojua sijapona. Unajua makanga anavyogonga bodi ya gari mara mbili kumwambia dereva aondoke? Sauti ile ilinikuta sokoni, miguu ikaisha nguvu, nikakaa chini kwenye majitaka. Nikaacha kupanda matatu. Nilivuka daraja la Nyali kwa miguu asubuhi na jioni, nikafika kazini nimechelewa na nimelowa jasho, mwajiri akanivumilia, kisha akanipunguzia siku. Usiku nilikuwa naamka saa nane nikinusa ndimu. Khalati, dadake mamangu, akaniitia kisomo nyumbani, na usiku ule nililala. Simdharau mtu anayetafuta utulivu kwa Qurani au kwa maombi. Mimi mwenyewe niliupata huko. Lakini kisomo hakikuzuia hospitali, na hospitali haikuzuia kisomo. Anayekwambia uchague kimoja anakukosesha.

Aliyenifumbua macho ni jirani yetu, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama. Alimwambia mamangu, "Huyu mtoto ameumia. Mpelekeni kwa daktari wa akili, mkirudi mniletee karatasi." Nilikasirika. Daktari wa akili kwetu ni wa mtu anayeokota makopo. Ilibidi mamangu anishike mkono hadi kliniki ya afya ya akili Port Reitz. Daktari aliniuliza maswali kwa utaratibu, akanieleza kwamba siku za mwanzo baada ya tukio baya mwili wa kila mtu hutetemeka, na wengi hutulia wenyewe. Lakini ndoto, kushtuka, kukwepa mahali na vitu, na kukosa usingizi vikipita mwezi mmoja na kukuharibia kazi na maisha, huo ni ugonjwa. Wao huuandika PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe. Nililia nilipoona una jina.

Nina mjomba aliyekuwa ufukweni Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, siku feri ilipozama wakafa watu 272. Alisaidia kutoa maiti. Hakupanda feri tena maishani mwake, na kazi yake ng'ambo ya pili akaiacha. Nyumbani tulisema mjomba ni mwoga wa maji. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema mjomba ameumia. Ndiyo maana naandika haya.

Sasa sheria. Msingi wa dai ni uzembe: kwamba mtu alikuwa na wajibu wa kuchukua hadhari usidhurike, hakuutimiza, na kwa sababu hiyo ukadhurika. Madhara hayo si lazima yawe ya mwili, lakini mahakama haifidii huzuni, hofu wala kukosa raha peke yake. Panatakiwa ugonjwa unaotambulika kitabibu, uliotajwa na daktari mwenye sifa, na daktari huyo aseme umesababishwa na tukio lile.

Jambo la pili ni ulikuwa wapi. Sheria yetu ya uzembe tuliirithi Uingereza, na mawakili wetu bado hunukuu kesi za huko. Wangu alinisimulia mbili. Mwaka 1982 majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, walimpa haki mama mmoja ambaye hakuwepo kwenye ajali kabisa. Aliletewa habari nyumbani, akakimbilia hospitali saa kama mbili baadaye, akawakuta mume na watoto bado hawajasafishwa damu, na binti yake mmoja amekufa. Mwaka 1991 majaji wa mahakama hiyo hiyo waliwakatalia ndugu wa watu waliobanwa wakafa katika uwanja wa mpira wa Hillsborough mwaka 1989, wakiwemo walioyatazama yale kwenye televisheni. Kwa hiyo aliyekuwa ndani ya hatari yenyewe, kama mimi, njia yake ni pana. Aliyeshuhudia, au aliyefika mara tu baada ya tukio, lazima aonyeshe uhusiano wa karibu sana na aliyeumia. Aliyesikia kwa simu au kuona video kwenye WhatsApp ana mlima mrefu, hata kama maumivu yake ni ya kweli. Ni sheria ngumu, na kwa maoni yangu mahali pengine haina huruma, lakini ni bora uijue kabla hujatumia akiba yako.

Na muda. Dai la uzembe lina miaka 3 tangu siku ya tukio. Ukiwa unaidai serikali, ya kitaifa au ya kaunti, muda ni miezi 12 tu, na yapo mashirika ya umma yenye masharti yao mafupi kama hayo. Mtu aliyejeruhiwa akili ndiye hasa anayepitwa na muda, kwa sababu ugonjwa wenyewe unamfundisha kukwepa kila kinachomkumbusha, ikiwemo ofisi ya wakili. Mahakama inaweza kuombwa ruhusa ya kuchelewa, lakini mlango huo ni mwembamba, usiutegemee.

Ushahidi ndio uliokaribia kunishinda. Polisi walishaandika ajali kwenye kitabu cha matukio, OB. Nilihitaji nambari ya OB na abstrakti, hati ya polisi kuhusu ajali, yenye jina langu kama abiria. Jina langu halikuwemo! Kwa kuwa sikuwa na damu, hakuna aliyeniandika. Nilirudi kituoni mara tatu na karatasi ya hospitali ya siku ile, ndipo likaongezwa. Kwa hiyo ukitoka kwenye gari lililopata ajali, hata kama unatembea, hakikisha umeandikwa. Kisha utafute rekodi za umiliki wa gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, maana unamshtaki mmiliki pamoja na dereva. Dereva wangu alipatikana na hatia katika kesi ya trafiki, na hukumu ile ilitufaa sana, kwa sababu hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, kesi ya madai huipokea kama ushahidi wa hatia hiyo.

Kilichoniokoa zaidi lakini ni daftari la kurasa 96. Mshauri nasaha aliniambia niandike kila asubuhi: nimelala saa ngapi, nimeota nini, leo nimeshindwa kufanya nini. Mwanzo niliandika ovyo. "Alhamisi. Saa tatu. Ndimu. Nimetembea." Miezi ikaenda, kurasa zikajaa, na wakili alipolifungua hakusema kitu kwa muda mrefu. Kumbukumbu yako mahakamani miaka miwili baadaye itayumba. Daftari uliloandika siku yenyewe haliyumbi. Weka na risiti zote: dawa, ada za kliniki, hata teksi ya kwenda kliniki siku usizoweza matatu. Gharama ulizotumia lazima zitajwe kwenye madai na zithibitishwe moja moja. Bila risiti hakimu hakupi, hata akikuamini. Nilipoteza miezi minne ya gharama kwa sababu hiyo. Mshahara uliopungua uandikiwe barua na mwajiri.

Ile karatasi ya hospitali, "hakuna jeraha", ikarudi. Wakili wa upande wa bima aliishika juu na kuniuliza, "Dada, hebu onyesha mahakama uliumia wapi." Nilinyamaza. Kisha akatoa picha yangu kwenye harusi ya binamu yangu, nimepaka hina, ninacheka. Swali lake lilikuwa: huyu ndiye mgonjwa? Daktari wangu alipopanda kizimbani alieleza vizuri kwamba mgonjwa wa kiwewe anaweza kucheka Jumamosi na kuzirai Jumatatu. Lakini nisingependa yeyote wenu ashikwe namna ile bila kujiandaa. Siku ya ajali mwambie daktari wa zamu unavyojisikia, kwamba unatetemeka, kwamba aliyekufa alikuwa kando yako, na umwombe ayaandike. Na kesi ikiwa inaendelea, punguza kuweka maisha yako mtandaoni. Bima pia huomba ukapimwe na daktari wao. Nenda, sema kweli, usizidishe hata chembe. Siku uliyolala vizuri, sema ulilala vizuri.

Kuhusu mawakili na wale wanaojiita wasaidizi wa kesi, nitasema bila kupepesa. Wodini alikuja kijana na fomu, anataka nitie sahihi, "wakili atachukua asilimia thelathini, wewe hulipi chochote". Sheria ya Mawakili ya Kenya haitambui makubaliano ya wakili kulipwa fungu la fidia au kulipwa tu akishinda, na kuwawinda wateja kupitia madalali ni kosa. Ada zina utaratibu wake ulioandikwa. Uliza mapema, upate kwa maandishi. Kama huna uwezo, nenda Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa, au uulizie huduma ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa na sheria ya 2016.

Kabla hata sijapata wakili, bima ilinipigia. Walikuwa wapole. Walikuwa tayari kunilipa kiasi kidogo "cha usumbufu" nikitia sahihi vocha ya kumaliza madai. Mamangu alisema chukua, nusu shari kuliko shari kamili. Niliichukua vocha, si pesa, nikampelekea yule mzee. Akanionyesha mstari unaosema sitadai tena chochote, kinachojulikana na kisichojulikana. Ugonjwa wangu wakati ule ndio ulikuwa hicho kisichojulikana. Usitie sahihi karatasi hiyo kabla daktari hajakwambia umefika wapi.

Bima ya gari kwa ajili ya watu wengine ni lazima Kenya, na kikomo chake ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Dai lisilozidi milioni 1 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kumaliza shauri kwa siku 60, na hata wakili si lazima. Wakili wangu alipendelea mahakama ya hakimu kwa sababu ya mashahidi wa kitabibu, na nilikubaliana naye. Ilichukua miaka miwili na miezi. Kesi iliahirishwa mara nyingi, nami kila tarehe ilipokaribia nilirudi nyuma kwa usingizi. Mwambie mshauri wako tarehe za kesi mapema, mpange kuonana siku moja kabla. Usiku ukiwa mzito na huna pa kwenda, Msalaba Mwekundu wana laini ya bure, 1199. Niliipiga mara mbili.

Mwishowe tulimaliza kwa maafikiano yaliyoandikishwa mahakamani. Yalitosha kulipa madeni na matibabu ya mwaka mmoja mbele. Sasa napanda matatu, kiti cha nyuma, na siku nyingine natembea.

Familia ya yule mama walikuwa na kesi yao, ambayo ni haki yao wenyewe na haichanganywi na ya abiria mwingine. Waliniomba niwe shahidi. Niliogopa kuliko siku yangu mwenyewe, lakini nilikwenda, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeona simu sikioni kutoka kiti kile. Tulipotoka nje binti yake alinishika bega, akaniuliza kama mamake aliogopa. Nikamwambia kama ilivyokuwa: tulikuwa tunahesabu chenji, makanga alikuwa amezidisha shilingi kumi, na mama alikuwa anacheka, anataka kuzirudisha.