Msimbo wa ndoana iliyochoma mfuko wa korodani

Mmeuliza msimbo wa kuandika kwenye fomu ya bima ya mgeni aliyechomwa na ndoana ya samaki kwenye mfuko wa korodani: ni S31.34XA, si S31.33XA. Huyo mgeni kafika hospitalini Mkoani ndoana ingali imekwama, kwa hiyo ni jeraha la kuchomwa lenye kitu ndani. Ile .33 ni kama ingekuwa imeshatolewa. Ile A ya mwishoni ni ya matibabu yenyewe. Akirudi kuangaliwa kidonda kinavyopona tu, mnaandika D badala ya A. Ingekuwa imechoma uume, ni S31.24. Hili ni toleo la Marekani la ICD-10 (orodha ya misimbo ya magonjwa na majeraha), ndilo bima yake inalolitaka. ICD-10 ya WHO (Shirika la Afya Duniani) inaishia S31.3.

Ila ndoana msiivute kinyumenyume, kile kijino cha pembeni kitararua. Ikiwa imeshika ngozi tu: ganzi, isukumeni mbele mpaka ncha itokeze, kateni kijino, ndipo muirudishe nyuma itoke. Osheni kwa maji ya dripu ya chumvi, tundu msilishone, na sindano ya pepopunda apewe kama ya mwisho imepita miaka 5. Mfuko ukivimba, ultrasaundi kwanza, maana korodani ikipasuka ni tiata (chumba cha upasuaji) siku hiyohiyo. Damu ikionekana kwenye tundu la mkojo, mpira wa kutolea mkojo msitie mpaka apigwe picha ya njia ya mkojo.