Maswali ya Wasomaji: Watu wa Gipuzkoa na Lugha Yao

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Ngamiani, hapa Tanga. Kwenye kibanda umiza tunakotazama ligi ya Hispania, kila Real Sociedad inapocheza mabishano huzuka: wapo wanaosema ni timu ya Wahispania kama nyingine, na wapo wanaosema ni ya Wabaski wasiojihesabu kuwa Wahispania. Ukweli ni upi?

JIBU: Ndugu yetu, kila upande una hoja. Real Sociedad iliundwa mwaka 1909 katika mji wa Donostia, ambao kwa Kihispania huitwa San Sebastián, makao makuu ya Gipuzkoa, mkoa mdogo kuliko yote ya Hispania kwa eneo. Kisheria wenyeji ni raia wa Hispania, lakini wengi wao hujitambulisha kwanza kuwa Wabaski, watu wenye lugha yao wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Hispania na Ufaransa, na wengine hujiona kuwa yote mawili bila tatizo. Klabu yao kwa miaka mingi ilisajili Wabaski tu, hadi ilipomchukua mshambuliaji wa Ireland, John Aldridge, mwaka 1989.

Tarehe 5 Desemba 1976, mwaka mmoja baada ya kifo cha Jenerali Franco, dikteta wa Hispania, manahodha Inaxio Kortabarria wa Real Sociedad na José Ángel Iribar wa Athletic Bilbao waliingia uwanjani Donostia wakiwa wameshika pamoja bendera ya Wabaski, ambayo ilikuwa bado imepigwa marufuku. Siku hiyo wapinzani wawili wa jadi walisimama upande mmoja.

Utambulisho huo una mizizi katika utawala pia. Gipuzkoa hukusanya kodi zake yenyewe, kisha huchangia serikali kuu, utaratibu ulioanza mwaka 1878. Franco aliuondoa mwaka 1937 ili kuuadhibu mkoa huo, pamoja na jirani yake Bizkaia, kwa kuwa upande wa serikali ya Jamhuri aliyopigana nayo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ulirejeshwa baada ya demokrasia kurudi.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Tongoni. Nasikia Wabaski nao walijiundia lugha sanifu. Kimtang'ata chetu nakiona kikififia mbele ya Kiswahili cha shuleni. Je, na kwao lugha sanifu iliziua lahaja?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Swali lako limetugusa, kwa kuwa sisi tunaoandika safu hii pia tulilelewa na bibi waliosema lahaja za mwambao.

Kibaski hakina undugu unaojulikana na lugha nyingine yoyote hai. Chini ya Franco kilifukuzwa shuleni, na katika miaka ya 1940 mwalimu Elbira Zipitria alianza kuwafundisha watoto kwa siri nyumbani, mjini Donostia. Shule za namna hiyo zilipoongezeka likazuka swali ambalo halikukwepeka: vitabu viandikwe kwa lahaja ya nani? Mwaka 1968 akademia ya lugha ilikutana Arantzazu, nyumba ya watawa iliyo milimani Gipuzkoa, na mwanaisimu Koldo Mitxelena, mzaliwa wa Errenteria, akawasilisha mapendekezo. Msingi ulitoka zaidi katika lahaja za kati, ikiwemo ya Gipuzkoa, jambo lililowafanya wasemaji wengi wa Bizkaia waone kwamba lugha hiyo si yao.

Ugomvi mkali kuliko yote ulihusu herufi moja, h. Wabaski wa upande wa Ufaransa huitamka. Wa kusini hawaitamki, na wengi wao hawakuona sababu ya kuandika sauti wasiyoitoa. Tunaona akademia ilifanya vyema kuibakiza, maana bila hiyo ndugu wa kaskazini wangebaki nje ya lugha yao wenyewe.

Tofauti na sisi ni hii: Kiunguja kilisanifishwa kuanzia mwaka 1930 na kamati iliyoundwa na wakoloni, ilhali Wabaski walijiamulia wenyewe chini ya serikali isiyowatakia hilo.

Sasa, Mwalimu, kuhusu kifo cha lahaja. Lahaja ya bonde la Roncal, katika Navarra, ilimpoteza msemaji wake wa mwisho mwaka 1991, lakini kilichoimaliza ni Kihispania: wazazi waliacha kuwarithisha watoto wao Kibaski miaka mingi kabla ya mkutano wa Arantzazu. Lahaja ya Bizkaia, iliyo mbali na lugha sanifu, bado inasemwa majumbani na ina waandishi wake, kwa sababu mtoto akitoka shuleni hukuta nyumbani watu wanaoendelea kumsemesha kwa lahaja hiyo.