Maswali ya Wasomaji: Flashi ipumzike, waya ufanye kazi

SWALI: Ndugu Mhariri, nina studio ndogo ya picha hapa Morogoro yenye kompyuta mbili za Windows, moja ya kupokelea picha kutoka kwenye kamera na nyingine ya kuhariria. Kila baada ya harusi tunahamisha takriban gigabaiti 60 kwa flashi ya gigabaiti 32, na juzi video ya gigabaiti 6 ilikataa kuingia ingawa flashi ilikuwa tupu. Nilijaribu kutumia waifai ya rauta yetu, lakini kazi ilichukua usiku kucha, nami nikahofu kwamba bando litaisha. Nifanyeje? (Mpiga picha, Morogoro)

JIBU: Ndugu Mpiga Picha, nianze na hofu ya bando, kwa kuwa ndiyo inayowazuia wengi kutumia mtandao ambao tayari wanao mezani. Kompyuta mbili zilizounganishwa na rauta moja zinapopelekeana mafaili, data huishia ndani ya rauta hiyo na haitoki kwenda kwa kampuni ya simu. Hata ukiichomoa laini, mafaili yataendelea kuhama. Bando huliwa pale unapoyapandisha mafaili kwenye hifadhi iliyoko kwenye intaneti na kuyashusha upande wa pili, jambo ambalo kwa watu waliokaa chumba kimoja ni sawa na kupeleka barua ya jirani posta.

Flashi yako iliikataa video kwa sababu, bila shaka, imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio usiopokea faili moja la gigabaiti 4 au zaidi hata nafasi ikiwa tele. Ukiifomati upya kwa exFAT, mpangilio unaopokea mafaili makubwa, kikwazo hicho kitaondoka, pamoja na kila kilichomo ndani yake, kwa hiyo nakili kwanza.

Kilichokuchelewesha usiku ule ni waifai, kwani kompyuta zote mbili zikiitumia, kila kipande cha data husafiri hewani mara mbili: kutoka kompyuta ya kwanza hadi rauta, kisha kutoka rauta hadi ya pili. Nunua waya wa mtandao wa daraja la Cat 5e, ambao hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, uunganishe kompyuta hizo kwenye rauta, au hata moja kwa moja bila rauta. Kumbuka kwamba mwendo wa mtandao huhesabiwa kwa biti ilhali ukubwa wa mafaili huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hesabu ya karatasini, gigabaiti 60 kwa megabiti 100 kwa sekunde huchukua dakika 80, na kwa gigabiti 1 huchukua dakika 8. Kazi halisi huzidi hapo kidogo, hasa panapokuwa na maelfu ya mafaili madogo. Ikiwa Windows inaonyesha megabiti 100 ilhali vifaa vyote ni vya gigabiti, kagua waya kabla ya kumlaumu fundi, kwani mwendo wa gigabiti huhitaji nyuzi zote 8, na mmoja ukikatika mara nyingi mwendo hushuka.

Shirikisha folda moja ya kazi, kamwe usishirikishe diski nzima, na umpe mhariri wako akaunti yenye neno la siri. Wateja wasitumie waifai hiyo hiyo. Hakikisha pia kwamba toleo la kwanza la SMB, itifaki ambayo Windows hushirikishia folda, limezimwa, kwa maana ndilo lililopitiwa na kirusi WannaCry mwezi Mei 2017. Kwa siku za umeme wa kukatika-katika, amri ya kunakili mafaili iitwayo Robocopy, iliyomo ndani ya Windows, ikiongezewa alama /Z, huweza kuendelea na faili pale ilipoishia.

SWALI: Ofisi yetu ya Mombasa hutuma nyaraka za wateja kwenye seva iliyoko nje ya nchi kwa FTP, ile njia ya zamani ya kuhamisha mafaili mtandaoni. Kijana mpya anasema tuiache. Je, ana haki? (Karani, Mombasa)

JIBU: Anayo. FTP iliandikwa na Abhay Bhushan mwaka 1971, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache, na katika umbo lake la asili hupeleka jina, neno la siri na nyaraka zenyewe bila kuzificha, hivyo aliye njiani aweza kuzisoma. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Helsinki alitunga SSH, njia ya kuwasiliana na kompyuta ya mbali kwa usiri, baada ya maneno ya siri kunaswa kwa namna hiyo katika mtandao wa chuo chake, na juu ya SSH ndipo ilipojengwa SFTP, njia ya kuhamisha mafaili yakiwa yamefichwa. Mwombeni mwenye seva awafungulie SFTP, ambayo kwa kawaida hupita mlango wa 22 wa seva (namba inayojazwa kwenye mipangilio) badala ya 21 wa FTP. Programu kama FileZilla hutumia njia zote mbili, kwa hiyo utakachobadilisha ni mistari michache ya mipangilio. Mkishahama, badilisheni maneno ya siri yote yaliyowahi kupita kwenye njia ya zamani.