Kwa anayeanza kuandika riwaya ya ukoo

Waandishi wapya wanaojiunga na kikundi chetu hapa Mbeya huja na mswada wa namna moja: babu mkali, baba mkali na mjukuu mkali, kana kwamba ile methali ya mtoto wa nyoka inatosha kubeba kurasa 300. Haitoshi. Tabia ya kurithi huanza kumvuta msomaji pale kitendo kinapobaki kilekile ilhali sababu yake imebadilika.

Tubuni ukoo mmoja wa Kilolo, ambamo mwanamume hanywi ulanzi kabla ya kumwaga kidogo chini. Babu humwaga kwa kumkumbuka ndugu aliyezikwa ugenini; mwanawe humwaga kwa sababu wazee wa kilabuni wanamtazama; mjukuu, mchuuzi wa mitumba Mwanjelwa aliyeokoka na asiyegusa pombe, anafungua soda, anainamisha chupa, matone mawili yanaanguka vumbini, na mteja anamuuliza kama chupa inavuja. Mwache aifute kwa kiganja na kutaja bei ya shati. Ukimlazimisha kueleza mila za wahenga kwa aya nzima, umemnyang'anya msomaji kazi yake.

Kabla ya sura ya kwanza, andika mwaka wa kuzaliwa wa kila mhusika, kisha uulinganishe na historia ya nyanda hizi. Aliyezaliwa Uhehe mwaka 1891, mwaka wa mapigano ya Lugalo, alikuwa na miaka 14 Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905, na miaka 84 ujenzi wa reli ya TAZARA ulipokamilika mwaka 1975. Kwa hiyo anaweza kuketi na kitukuu chake anayetafuta kazi relini na kumkosoa jinsi anavyoitimiza desturi. Waandishi wengi huwaua wazee mapema mno, nadhani kwa uvivu wa kuwatafutia la kusema.

Majina nayo yaangaliwe. Majina mengi ya ukoo ya Wanyakyusa huanza na Mwa-, na msomaji wa Tukuyu atashtuka ukimpa mjomba jina la ukoo wa baba bila sababu.

Tena, urithi haupiti kwa wanaume peke yao. Mwanamke aliyeolewa huja na miko ya kwao, naye ndiye anayepika. Anza na siku ambayo miko ya pande mbili inagongana juu ya sufuria moja, hata kama sura hiyo itakuja kukaa katikati ya kitabu.