Shangazi, niuze kiwanja niende Okinawa?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, miaka 32, nina mke na mtoto mmoja. Tangu enzi za mabanda ya video naipenda Japani: karate, panga zao, nidhamu yao. Nilifika mkanda wa kahawia, nikaacha mtoto alipozaliwa. Sasa kuna wakala anasema nikimpa milioni 9 nitakaa mwaka mzima kwenye dojo moja (ukumbi wa mazoezi ya karate) kisiwani Okinawa, Japani, na kazi juu. Nataka kuuza kiwanja chetu cha Pongwe. Mke wangu anacheka, halafu analia. Mama anasema kuinamiana kule ni ibada ya sanamu. Lakini hata Funakoshi, yule aliyeeneza karate Japani, aliondoka kwao akiwa mtu mzima, tena mwalimu kama mimi. Kule nitakuwa mtu mwingine. Nifanyeje?*

*Mwalimu, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Kiwanja usiuze. Nimelitanguliza hilo kwa sababu naona una tabia ya kusoma mambo nusu.

Mchukue huyo Funakoshi wako. Ni kweli Gichin Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule Okinawa, na mwaka 1922 alipokwenda Tokyo alikuwa ameshavuka miaka 50. Lakini hakwenda kujifunza, alikwenda kuonyesha alichokuwa nacho. Tangu ujana wake alikuwa akifanya mazoezi usiku chini ya wazee wawili, Azato na Itosu, na kukikucha anaingia darasani kufundisha. Huko Tokyo alikaa kwenye bweni la wanafunzi, akilipia malazi kwa kufagia, kulinda na kutunza bustani. Na mkewe? Alibaki Okinawa, hakuwa tayari kuwaacha wahenga wake bila mtu wa kuwahudumia. Wakaishi mbalimbali miaka na miaka. Kipande hicho hukukiandika, na sidhani kama mkeo umeshamsimulia.

Sikucheki kwa kupenda Japani. Wako wanaume hapa pwani wanaojua majeraha ya wachezaji wa Uingereza kuliko homa za watoto wao, na hakuna anayewaita wendawazimu. Ila nikutanie kidogo: filamu nyingi tulizokuwa tukizigombania kwenye mabanda yale zilitoka Hong Kong. Ni Wachina hao! Na Okinawa yenyewe ilikuwa ufalme wa Ryukyu, ukifanya biashara na China karne nyingi, mpaka Japani ikaumeza mwaka 1879. Karate ilikulia humo. Ukifika ukitafuta ile Japani ya bandani, wenyeji watakushangaa.

Kinachonikera ni kingine. Unataka kuvuka bahari kufuata dojo, na ya mtaani kwako hujaikanyaga tangu mtoto azaliwe? Nimeirudia sana ile sentensi yako, "kule nitakuwa mtu mwingine." Nadhani umechoka, mwanangu. Chaki, madeni, kilio cha usiku. Okinawa iko mbali kiasi kwamba huoni madeni ya watu wa kule.

Huyo wakala simwamini. Japani ina viza ya shughuli za kitamaduni, na mtu anayejifunza sanaa za mapigano chini ya mwalimu anaweza kuiomba, lakini haikuruhusu kufanya kazi ya kulipwa bila kibali maalumu. Hiyo "kazi juu" inatoka wapi? Muulize jina la dojo na la mwalimu atakayekupokea. Wageni hupokewa Okinawa, ila desturi ni kutambulishwa na mwalimu wako, yaani yuleyule sensei uliyemkimbia bila kuaga.

Kama nia ni kwenda kweli, wewe una mlango ambao wapiga ngumi wengi hawana. Serikali ya Japani ina ufadhili wa mafunzo kwa walimu walio kazini, wenye uzoefu wa angalau miaka 5 na umri chini ya miaka 35. Nauli na posho wanatoa wao. Piga simu ubalozi wao Dar es Salaam uulize kama mwaka huu Tanzania imo na masharti mengine ni yapi. Miaka yako inakimbia, lakini haijaisha.

Mama usimbishie. Kuinama kule ni salamu, lakini dojo nyingine huwa na kijialtare cha Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, ukutani, kwa hiyo mzee hajazua kitu. Mwambie sensei mapema kwamba hapo hutainama. Atakuwa ameshakutana na wengi wa namna hiyo. Mpeleke mama siku moja akakae kwenye benchi atazame watoto wanavyofundishwa. Akitoka na malalamiko, yatakuwa ya jasho.

Kwa mkeo, anza kwa kumwambia kwamba hati ya kiwanja haitoki kabatini. Kisha mwombe jioni mbili kwa wiki za mazoezi, na umpe na yeye jioni mbili zake, mtoto ubaki naye wewe. Mtaje saa utakayorudi, na urudi saa hiyo.